Kijiji Kikibaki na Wachache, Kipato Kinaweza Kupanda Bila Mtu Kuongezewa Senti

Sensa ya Marekani ya mwaka 2010 ilimkuta mtu 1 Monowi, Nebraska. Ya 2020 ikaandika 2. Hakuna aliyehamia. Idara ya Sensa huchezea kidogo takwimu za maeneo madogo kwa makusudi ili mtu asitambulike. Jumla ya jimbo zima haiguswi, ila ya kijiji huguswa. Katika mji wa watu 50,000 mtu mmoja wa ziada haonekani. Monowi ameongeza idadi maradufu.

Lakini kinachopotosha zaidi ni kipato. Takwimu inayonukuliwa sana ni kipato cha kaya ya katikati: unapanga kaya zote kuanzia yenye kipato kidogo hadi kikubwa, unachukua iliyo katikati. Tuseme kuna kaya tano, kwa mwaka zinapata dola 18,000, 22,000, 30,000, 55,000 na 70,000. Ya katikati ni 30,000. Bibi wa 18,000 akafariki, kijana wa 22,000 akahamia mjini. Zimebaki tatu, na ya katikati sasa ni 55,000. Mshahara wa waliobaki haukusogea hata kidogo, ila gazeti litaandika kuwa kijiji kimeneemeka. Kwangu mimi huo ni upotoshaji, hata kama kila namba ni sahihi.

Ndiyo maana kipato kisisomwe bila idadi ya watu pembeni yake. Kaunti ya McDowell, West Virginia, ilikuwa na watu 98,887 mwaka 1950. Mwaka 2020 walibaki 19,111. Mashine zilichukua kazi ya wachimba makaa, migodi ikafungwa, na wenye umri wa kufanya kazi wakafuata ajira kwingine. Ukilinganisha kipato cha miaka hiyo miwili, unalinganisha jamii mbili tofauti zinazotumia jina moja.

Kuna pia suala la sampuli. Baada ya sensa ya 2000, kipato hakiulizwi tena kwenye sensa yenyewe. Kinatoka kwenye utafiti wa Idara ya Sensa uitwao ACS, unaotumwa kwa anwani zipatazo milioni 3.5 kwa mwaka nchi nzima. Maeneo yenye watu chini ya 65,000 kwa kawaida hutegemea majibu ya miaka mitano yaliyounganishwa, na kila namba huja na kiwango chake cha makosa, kwa uhakika wa asilimia 90. Wengi hukiruka. Tuseme kijiji kilikuwa na 41,000, makosa 14,000 juu au chini. Baadaye 48,000, makosa 12,000. Zidisha kila kiwango cha makosa kwa chenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: unapata kama 18,400, ndiyo makosa ya tofauti yenyewe. Tofauti ya 7,000 imemezwa humo. Huwezi kusema kipato kimepanda, wala huwezi kusema hakikupanda.

Usilinganishe vipindi vinavyoingiliana. 2014–2018 na 2015–2019 vina miaka minne ya pamoja. Chukua 2010–2014 na 2015–2019, kisha geuza dola za 2014 ziwe za 2019 kwa mfumuko wa bei.

Angalia kama kuna gereza. Wafungwa huhesabiwa kuwa wakazi wa pale walipofungwa. Hawamo kwenye kipato cha kaya, ila wamo kwenye wastani wa kipato kwa kila mtu, kwa hiyo namba hiyo ya pili hushuka bila wenyeji kuwa maskini zaidi.

BEA, ofisi nyingine ya serikali kuu, hutoa kipato cha kaunti na kuhesabu humo hata gharama za matibabu zinazolipwa na Medicare na Medicaid, mipango ya serikali ya kulipia matibabu ya wazee na maskini. ACS haifanyi hivyo. Kaunti ya wazee wagonjwa itaonekana ina hali nzuri BEA kuliko ACS, kwa hiyo usizichanganye kwenye jedwali moja.

Kama unataka kujua walioondoka walikuwa na kipato gani, mamlaka ya kodi, IRS, hulinganisha anwani za walipa kodi mwaka hadi mwaka na kutoa idadi ya wanaohama kila kaunti pamoja na kipato chao. Asiyewasilisha ritani ya kodi hamo, na huyo mara nyingi ni mzee anayeishi kwa pensheni ya serikali peke yake.