Mtoto wa pwani afundishwe bahari wapi, darasani au pwani kwenyewe?

Kwenye kikao cha wazazi cha skuli moja huku kwetu mashariki ya Unguja, mwalimu wa sayansi alileta ombi. Anataka kuwapeleka pwani watoto wa darasa la nne na la tano mara mbili kwa mwezi, siku za bamvua maji yanapotoka mbali, wajifunze bahari kwa kuiona. Mi nilidhani litapita kirahisi, kumbe kikao kikagawanyika. Mama mmoja mkulima wa mwani akasimama, akasema: "Mie mtoto sijampeleka skuli akajifunze pweza, pweza namfundisha mwenyewe. Skuli nimempeleka akajue nisoyajua mie." Maneno hayo hayajanitoka kichwani mpaka leo, maana yule mama ana hoja.

Mtoto wa huku anaijua bahari kabla hajajua kusoma. Mtoto wa dada yangu ana miaka minane, siku moja maji yametoka tunakwenda zetu mwambani akanishika mkono, "Mjomba usikanyage, hapo pana pweza." Mi naona jiwe tu. Akanionesha vipande vya makombe na magamba ya kaa vimerundikwa mdomoni mwa kishimo, vyeupe bado, havijaota kijani. Anasema pweza anakula ndani taka anatupa nje, na hizi taka ni mpya kwa hiyo mwenyewe yumo. Hayo kafundishwa na bibi yake na mchokoo wake, kijiti cha kumtolea pweza. Sasa umwambie bibi huyo kwamba tunakata vipindi vya asubuhi tumpeleke mjukuu wake pale pale alipotoka jana, na mtihani unamsubiri na hesabu bado zinamshinda, lazima ataona tunampotezea muda. Tena wapo watoto wanaokosa skuli siku za bamvua kwa sababu wamewafuata mama zao pwani, kwa familia hizo skuli ndo ilikuwa njia ya kuwatoa huko.

Lakini nilimuuliza yule yule mtoto swali jingine. Mbona kila bamvua maji yanakuwa makavu kama saa nne saa tano asubuhi, kwa nini sio saa moja au saa nane? Akasema ndo yalivyo. Nikamuuliza dada, nikamuuliza mama yetu ambaye kaenda pwani miaka zaidi ya arobaini, jibu hilo hilo.

Na sababu ipo, haihitaji hata labu. Maji yanajaa na kutoka mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa sababu mwezi nao unachelewa hivyo hivyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi vinakaa kwenye mstari mmoja na dunia vinavuta maji kwa pamoja, ndo bamvua hiyo, maji yanapanda na kushuka karibu mita 4 huku kwetu. Mwezi ukiwa nusu kila kimoja kinavuta kivyake tunapata maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Sasa kama bamvua inakuja pale tu mwezi unapojipanga na jua, basi na saa ya maji kutoka inarudi ile ile kila mara, na kwetu imeangukia saa za masomo. Mpe mtoto wa miaka kumi daftari na saa aandike mwezi mzima maji yametoka saa ngapi, atayaona mwenyewe, na humo humo atajumlisha, atatoa, atachora grafu. Mtihani unamuuliza nini zaidi ya hayo?

Mwani nao ni hivyo hivyo. Kilimo cha biashara kilianza 1989 kule Paje na Jambiani, na kina mama walipanda aina mbili, spinosamu na kotonii, kotonii ndo yenye bei. Leo kotonii kwenye maji mafupi imekataa, inageuka nyeupe, inakatika kamba zinabaki tupu. Bi mkubwa mmoja aliniambia ni sabuni za mahoteli. Alichokiona hakuna wa kumkatalia, mwani unakufa na unakufa zaidi miezi ya kaskazi jua likiwa kali, ila sababu kubwa ni maji kupata joto, na joto hilo linataka kipimajoto kitumbukizwe leo na mwezi ujao na mwaka ujao pahala pale pale na mtu aandike. Hicho ndo alichokitaka yule mama kikaoni, mtoto ajue asichokijua yeye, isipokuwa hakipatikani kwenye ubao, kiko kwenye shamba lake mwenyewe la mwani.

Hoja inayonitisha ni ya usalama. Watoto arobaini na kitu, mwalimu mmoja, na kila mtu wa huku anajua maji yakirudi mkondo wa nyuma yako ndo unajaa mwanzo, ukigeuka umeshazungukwa. Wasichana wengi hawajui kuogelea. Kina mama walioshauriwa wahamishie kotonii kwenye maji ya kina wengi wamekwamia hapo hapo, hawajui kuogelea. Kule Nungwi mradi wa Panje uliwafundisha wasichana kuogelea na nguo zao za stara, mi ningeanza na hilo kabla ya projekta na kompyuta. Wengine kikaoni walisema basi wapelekwe kisiwa cha Chumbe, matumbawe yake yanalindwa tangu 1994 na wanafunzi wanaingizwa majini na miwani kuyaona. Ni kitu kizuri sana, lakini boti inachukua wachache, mtoto akibahatika ni mara moja, na bahari inasomwa kwa kuirudia.

Kuna kingine kinaniuma. Masomo mengi ya mazingira yanamfikia mtoto kama makatazo, juya (wavu wa kukokota) baya, kukata mikoko vibaya, halafu anarudi nyumbani kwa baba anayemlisha kwa juya hilo hilo. Tunamfanya polisi wa baba yake na ana miaka kumi. Mfundishe badala yake kwamba pweza jike anataga mara moja tu, anayakalia mayai bila kula mpaka yanapoanguliwa, halafu anakufa, na kwamba wadogo wanakua haraka sana ndo maana Kisiwa Panza kule Pemba waliweza kufunga sehemu ya mwamba isivuliwe kwa miezi tu wakafungua. Mpe mizani apime pweza wa kabla na wa baada. Baba hatapenda kukaripiwa na mwanawe lakini kilo atazisikiliza.

Na lugha. Nenda Chwaka na mtoto wa huko atakutajia miti ya mikokoni, mkoko, mkandaa, mchu, mlilana, atakwambia vile vijiti vinavyochomoza topeni ni vya mchu. Akiambiwa ni mizizi inayopumua kwa sababu tope halina hewa ataelewa pale pale. Akipanda madarasa ya juu yote hayo yanageuka Kiingereza na anaanza kuamini alichokijua hakikuwa sayansi. Daftari la pwani liandikwe kwa majina yake, ya Kiingereza yataongezwa baadaye.

Kikao kiliisha kwa kukubaliana wajaribu bamvua moja, darasa moja, nusu ya watoto, na wazazi wawili waende nao. Wakamuomba yule mama aliyepinga awe mmoja wao. Akauliza, "Saa ya kurudi nani anaamua, mwalimu au mie?" Mwalimu akajibu, "Wewe." Akasema basi atakuja.