Mtoto wa la nne, tuisheni na robo kilo ya sukari

Ikifika Agosti, mtaani kwetu watoto wa darasa la nne hupotea uwanjani. Wanatoka shule saa tisa, wanakula wamesimama, wanabeba daftari kwenda tuisheni mpaka giza linaingia. Jumamosi vilevile. Muulize mama yeyote sababu, atakujibu neno moja: NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania.

Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hufanywa na watoto zaidi ya milioni moja na nusu nchini Tanzania, wengi wao wakiwa na miaka tisa au kumi. Jina ni upimaji, lakini kwa wazazi ni mtihani tu, na kwa miaka mingi aliyepata daraja E alitakiwa kurudia darasa. Ofisi za elimu huita hivyo kukariri darasa. Neno limekaa vizuri, maana watoto wengi hukariri kwanza maswali ndipo wakariri darasa.

Nianze na wanaotetea tuisheni, kwa sababu mara nyingi tunawasimanga bila kuwasikiliza. Tangu michango ya lazima ilipofutwa mwaka 2016, shule za serikali zilipokea watoto wengi kuliko vyumba na walimu waliokuwapo. Mwalimu mwenye watoto mia, akitumia dakika moja kwa kila daftari, anahitaji saa nzima na dakika arobaini kusahihisha zoezi moja la somo moja. Hawezi kumwona mtoto aliyekwama benchi la nyuma. Kule tuisheni wako ishirini, anaonekana. Mtaani kwetu ni shilingi 500 kwa siku, yaani zaidi ya 10,000 kwa mwezi, na mama anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua anarudi jioni hana nguvu ya kukaa na kitabu cha sayansi. Kumwambia "msaidie mwanao nyumbani" ni rahisi kwa anayerudi kwenye nyumba yenye umeme, meza na utulivu.

Hoja hiyo ni nzito, na sijaona jibu lake kamili. Kinachonitia shaka ni kile kinachofanyika kwenye hizo saa za tuisheni. Nyingi ni kupiga pepa: mitihani ya miaka iliyopita inaandikwa ubaoni, majibu yanasemwa, yananakiliwa. Jirani yangu aliniletea daftari la mwanawe akilalamika kwamba Kiingereza kimemshinda. Kulikuwa na picha ya saa, mshale mfupi kwenye nane, mrefu kwenye kumi na mbili. Mtoto ameandika "It is two o'clock", amewekewa mkasi, basi. Lakini yule mtoto hakukosea saa. Aliisoma kama anavyoisoma kila siku, saa mbili, akaitafsiri. Hakuna aliyemweleza kwamba Waingereza wanaanza kuhesabu usiku wa manane na sisi tunaanza jua linapochomoza. Dakika tano za maelezo zingetosha. Jibu sahihi alilinakili, na swali lililofuata akakosa tena vilevile.

Kuna na jambo la aibu ambalo walimu wenyewe hulisema kwa sauti ya chini: mara nyingine anayefundisha tuisheni ndiye yuleyule wa darasani. Akieleza hesabu za sehemu vizuri saa nne asubuhi, nani atalipa jioni? Sisemi wote wako hivyo. Nasema mpangilio wenyewe unamjaribu mtu.

Tuangalie basi la nne wanasoma nini hasa. La kwanza na la pili kazi kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Kufika la nne, kusoma si somo tena, ni ufunguo wa masomo mengine. Swali la hisabati linakuja kwa maneno, sayansi inakuja kwa aya. Asiyesoma vizuri anaanguka kote, na mzazi anadhani mtoto hana akili ya hesabu. Kumpeleka huyo akapige pepa ni kumlipisha mgonjwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Hapo ndipo naona mzazi, hata aliyeishia la tano, ana nafasi ambayo tuisheni haina. Chukua imla, ambayo imo katika upimaji. Mzazi anasema sentensi, mtoto anaandika. Sentensi tano huku maharage yanachemka. Akiandika "mama anakura wari", umeshajua tatizo liko kwenye r na l, na kesho unamwambia mwalimu kitu mahususi badala ya "naomba umwangalie mwanangu".

Au sehemu, zinazowatoa watoto machozi. Mtoto huyohuyo anayesema nusu jumlisha robo ni mbili juu ya sita (amejumlisha za juu na za chini) mtume dukani kwa Mangi akanunue sukari nusu na robo, halafu muulize amebeba kiasi gani. Atakwambia robo tatu bila kufikiri. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha kwamba sukari ile na hesabu ya ubaoni ni kitu kimoja.

Wenye watoto inglishi midiamu watasema kwao haiwezekani, vitabu vyote ni vya Kiingereza. Inawezekana nusu. Mtoto anaweza kukueleza kwa Kiswahili alichosoma kwa Kiingereza, akishindwa, hakukielewa. Tena Kamishna wa Elimu, kwa waraka wa mwaka 2023, alikataza bweni kuanzia awali hadi darasa la nne kwa sababu umri huo unahitaji malezi ya nyumbani. Mtoto anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa mbili usiku, Jumamosi pia, sioni ametofautianaje sana na wa bweni.

Presha haitapungua karibuni. Walioanza mtaala mpya, ambao elimu ya msingi inaishia la sita badala ya la saba, wakiwa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, mwaka uleule wa la saba wa mwisho, na wote watagombea kidato cha kwanza. Wazazi wanalijua hilo, na tuisheni zinalijua zaidi.

Yule mtoto wa saa, nilimshauri mama yake amwachishe tuisheni siku mbili kwa wiki, zile za Kiswahili na hisabati, na badala yake atafute dada wa kidato cha pili amsomeshe kusoma kwa sauti. Alikubali moja. Jumatano yuko nyumbani, zilizobaki anaenda. Alisema akiacha zote na mtoto akafeli, lawama atabeba peke yake, na hapo sikuwa na la kumjibu.