Kanzu, Cheni na Mvua ya Vuli

Mvua siilaumu. Vuli ilikuja na ratiba yake: usiku yanyesha, alfajiri yatulia, na ikifika saa moja na nusu, watu wakitoka kwenda kazini, yaanza upya. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuliko mtu yeyote pale Muyeye, mtaani kwetu Malindi.

Baiskeli yangu ni ile nyeusi ya Kihindi, ringi za inchi 28, ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Breki zake si za waya, ni za vyuma virefu. Usiku wa kuamkia Ijumaa niliipindua miguu juu sebuleni, nikasugua cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, nikaiacha ikauke, kisha nikatia tone moja la oili ya cherehani kwenye kila kiungo na kufuta iliyobaki nje. Wengi humwaga oili chafu ya gari, wakidhani kwamba ikiwa nyingi ndiyo bora. Oili nyingi hushika mchanga, na mchanga ulioloa oili ni tupa: hula meno ya gia mpaka yakachongoka kama ya papa.

Raba za breki pia nilibadilisha, zote nne. Ringi za chuma zikilowa huteleza. Gurudumu likizunguka mara ya kwanza na ya pili breki haishiki kitu, inapangusa maji tu. Kwa hivyo hubanwa mapema, kidogo kidogo, ili ringi ikauke kabla hujaihitaji. Na mwavuli sikuchukua. Anayeendesha na mwavuli amebakiwa na breki moja, na kwenye lami yenye maji breki ya mbele peke yake humlaza mtu chini kabla hajamaliza kusema bismillahi.

Kilichokosekana ni kava ya cheni. Niliitoa mwenyewe mwezi mmoja kabla kwa sababu ilikuwa yapiga kelele.

Sasa, Ijumaa mimi huenda kazini na kanzu ili adhuhuri niunganishe msikitini. Kanzu juu ya baiskeli ina utaratibu wake: upande wa kulia ndio wa kuchunga, maana gia ya mbele iko kulia. Wazee huipandisha yote, wakaikunja kiunoni, kikoi kikaonekana, na hawajali. Mimi nilijali. Nilibana pindo la kulia juu ya goti kwa kibanio cha nguo. Cha plastiki. Kimoja.

Mwanzo wa safari ulikuwa raha tupu. Mchanga wa vichochoroni ukilowa hukaza, tairi halizami kama siku za jua. Nilipotokea kwenye lami nikakuta majani ya mkungu yamelala barabarani, mapana kama visahani, mekundu, yamejaa maji. Hayo ukiyakanyaga ukikata kona ni sawa na kukanyaga ganda la ndizi. Nikanyoosha usukani, sikulala upande, sikugusa breki mpaka nikayapita. Mbele yangu tuktuk ikasimama ghafla kushusha abiria, bila taa, bila mkono, kama desturi yao. Nikabana breki mapema. Ringi zikaanza kukauka. Kila kitu kilikwenda kama nilivyowahi kuwafundisha watu.

Ndipo kibanio kikaruka.

Pindo likashuka, gia ikalipokea, na kabla sijaacha kukanyaga pedali, kama shubiri moja ya kanzu ilikuwa imeshaingia kati ya cheni na meno. Pedali zikakwama. Mtu angedhani baiskeli itasimama hapo hapo. Haisimami! Friwili ya nyuma, ile iliayo tiki-tiki-tiki, huacha gurudumu liendelee kuzunguka hata pedali zikiwa zimekufa. Kwa hivyo nilienda zangu mbele, nimefungwa kwenye baiskeli yangu kama kuku wa sokoni.

Breki, nazisifu, zilishika. Baiskeli ikasimama hatua mbili nyuma ya tuktuk. Nikataka kuweka mguu wa kushoto chini. Lakini kanzu ni mfuko. Ukivutwa chini kulia, kushoto hakuna nafasi. Mguu ukagoma hewani. Nikabaki wima kitambo kidogo, nikitazamana na dereva kwenye kioo chake, kisha nikaanguka kulia, taratibu, kama mnazi ulioliwa na mchwa. Dimbwi lilikuwa tayari.

“Pole shekhe,” dereva akasema. “Wasimama vipi bila kushuka?”

Mama mmoja muuza mahamri akaja mbio na kisu. “Tulia mwanangu, naikata.”

“Usikate, mama! Wala msivute!” nikalia kutoka majini. Ukivuta, cheni yazidi kuuma. Dawa yake ni kurudisha pedali kinyume kwa mkono, polepole, na mwingine apokee nguo inapotoka. Tatizo, baiskeli ilikuwa imelalia upande wa cheni, na mimi nilikuwa sehemu ya baiskeli. Ikabidi tuinuliwe pamoja, dereva kwenye kiti, abiria wake kwenye usukani, mama kwenye kwapa langu. Nusu mzunguko wa pedali kinyume, kanzu ikatoka yote.

“Kumbe ni hivyo tu,” mama akasema, akarudi kwenye karai lake akionekana kama aliyenyimwa kitu.

Ofisini niliosha matope bombani, yakatoka. Oili haitoki kwa maji. Hiyo yataka sabuni ya kuoshea vyombo isuguliwe nguo ikiwa bado kavu, na mimi nilikuwa nimeshachelewa kwa kila namna. Na kwenye pindo la kulia palikuwa na vitobo saba, vyeusi pembeni, vimepangwa kwa mstari, nusu inchi kutoka kimoja hadi kingine, maana hiyo ndiyo nafasi ya meno ya gia. Kwa macho ya mbali, kazi safi.

Tulipotoka msikitini, mzee aliyekuwa ameketi nyuma yangu akanishika mkono. Akainama, akalitazama lile pindo kwa muda, akalipapasa kwa kidole kama apapasavyo kofia ya vitobo kabla ya kuuliza bei.

“Mwanangu,” akasema, “hii umeshonewa Lamu?”