BCG kwenye kibofu: ukipunguza dozi, unapunguza nini?

BCG, chanjo ambayo watoto wetu huchomwa kuwakinga na kifua kikuu, ndiyo hiyo hiyo inayotibu saratani ya kibofu cha mkojo ambayo bado haijazama kwenye msuli. Uvimbe ukishakwanguliwa, mgonjwa huwekewa mpira, dawa ikaingizwa kibofuni, naye akaibana kwa muda wa kama saa mbili. Hufanyiwa hivyo kila wiki kwa wiki sita, kisha kwa vipindi hadi mwaka 1 au 3. Dawa inaamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamka kibofu kinawaka: mkojo unachoma, haja inambana usiku kucha, damu inatoka, homa inapanda. Mara chache sana vijidudu hai vilivyomo kwenye dawa husambaa mwilini, na hapo maisha yako hatarini.

Kwa hiyo wanaosema "tupunguze dozi" wana hoja ya utu, siibezi. Lakini utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa mwaka 2013, wenye wagonjwa zaidi ya 1,300, ulijaribu theluthi ya dozi, na madhara hayakupungua kwa kiasi cha maana. Wengine wakajaribu kupunguza idadi: mara 9 badala ya 15. Jaribio likasimamishwa kabla ya wakati, maana saratani ilikuwa ikirudi zaidi kwa waliopunguziwa.

Kwangu mimi, swali la dozi limewekwa mahali pasipo pake. La kuuliza kwanza ni hatari ya uvimbe wenyewe. Mwenye uvimbe mdogo, mmoja, wa daraja la chini (usio mkali), hana haja ya BCG kabisa. Dozi moja ya dawa ya kemikali baada ya upasuaji mara nyingi humtosha. Wa hatari ya kati, BCG ya mwaka 1. Wa hatari kubwa ndiye mwenye sababu ya kuvumilia miaka 3, ingawa hata kwake utafiti ule wa Ulaya ulionyesha kuwa miaka hiyo inapunguza kurudi kwa ugonjwa, haikurefusha maisha. Hilo aambiwe waziwazi kabla hajakubali. (Kwetu, saratani nyingi za kibofu zinazotokana na kichocho ni za aina nyingine, na BCG si tiba yake.)

Anayeshindwa kuvumilia asikimbie kimya kimya. Daktari anaweza kuahirisha dozi, kutibu maambukizi ya mkojo kwanza, au kumhamishia mitomaisini, dawa ya kemikali inayoingizwa kibofuni vilevile, ambayo kwa kawaida haisumbui sana, ila kwa uvimbe wa hatari kubwa kinga yake ni hafifu. Mwenye homa kali isiyoshuka, au damu nyingi kwenye mkojo, arudi hospitali siku hiyo hiyo na ataje kwamba amewekewa BCG.