Kabla ya kumtumia kijana mtaji

Sisi tulio Uingereza tunaujua ujumbe huu: "Shikamoo mjomba, nimemaliza chuo, kazi hakuna, nitumie mtaji nifungue duka." Wengi wetu tunatuma mara moja, kwa upendo. Mimi nasema tungoje kidogo.

Huku anayeanza biashara mara nyingi anaanza akiwa na mshahara. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Kodi ya nyumba inaumiza, ndiyo, lakini mtu wa ghalani akijibana anabakiwa na kitu. Akipika sambusa za kuuza wikendi, pauni 1,000 za kwanza za mapato hayo kwa mwaka hazitozwi kodi. Biashara ikifa, Jumatatu anarudi kazini.

Nyumbani Uganda kima cha chini kilichomo kwenye vitabu ni shilingi 6,000 kwa mwezi, na kiliwekwa mwaka 1984! Bunge lilipitisha muswada mpya mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Kwa hiyo tunaposifu vijana wetu kwa moyo wa ujasiriamali, tukumbuke kwamba wengi hawakuchagua. Walisukumwa.

Hata hivyo, kazi hiyohiyo ya malipo duni ina elimu ambayo hela ya kutumwa haina. Kijana aliyesimama kaunta kwa tajiri pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, anajua bei ya jumla inapanda majira gani, nani anatoa mali kauli, mteja yupi hukopa akahama njia. Anajua pango hudaiwa miezi kadhaa mbele. Asiyejua hayo, mtaji wake unaishia kwenye pango, rafu na leseni, bidhaa zenyewe zikabaki za kubahatisha. Halafu mama akiugua, dawa zinatoka kwenye droo ileile ya mauzo, na nani atamlaumu?

Ndiyo maana wapwa zangu wakiniomba mtaji nawauliza kwanza wamewahi kuuza nini, na kwa nani. Ambaye hajawahi, namlipia nauli na chakula akae kwa mfanyabiashara ajifunze, hata kama mshahara ni wa kuchekesha. Akija na daftari lenye bei za kununulia na za kuuzia, alizoandika mwenyewe, mtaji namtumia bila kumuuliza mara ya pili.