Nimelipia Matope

Mimi nakaa Mbezi ya ndani, ile ambayo mgeni ukimwelekeza kwa simu unamwambia, "Ukiona lami imeisha, ujue umeanza kukaribia." Kutoka barabara kubwa mpaka kwangu ni dimbwi, jiwe, korongo, halafu dimbwi tena. Mwaka wa tisa huu napita hapo bure. Sasa niambieni ilikuwaje mtu kama mimi nikatoa mchango wa shilingi 350,000 ili nipelekwe mkoani kuonyeshwa barabara mbovu.

Ni shemeji. Kaka mkubwa wa mke wangu, yaani mtu ambaye ukimkatalia jambo unalala sebuleni. Ana Land Cruiser ya zamani aliyoinyanyua mpaka mama yake mzazi akitaka kuipanda anawekewa stuli. Mbele ina winchi, ile mashine ya waya ya kujivutia ukikwama, ubavuni ina bomba la kuvutia hewa lililosimama kama mkonga wa tembo, nyuma kuna jeki ndefu, chepe na kamba nene ya kuvutia gari. Tangu ameifunga hiyo winchi hajawahi kukwama hata siku moja, na jambo hilo linamuuma sana. Ana wenzake wanne wenye maradhi hayohayo. Magari matano, safari ya Kitulo, hifadhi ya maua huko nyanda za juu kusini, kwa kupandia Chimala, mji mdogo wa Mbeya, kwenye njia ambayo wenyeji wanaiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake.

"Shem, wewe utakuwa mwongoza njia wangu," akaniambia. Nilijisikia mtu. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba mwongoza njia ni utingo asiyelipwa.

Hela yenyewe ilikuwa ya nguzo za geti. Fundi alishaniambia kila nguzo inataka nondo nne. Nikamwambia weka mbili, na saruji usiimwage kama unajenga daraja, geti letu siyo la ikulu.

Tuliondoka Dar saa kumi alfajiri, mwezi wa tatu. Kila gari lina redio ya mawasiliano, na mtu mzima ukimpa redio amekwisha. "Gari namba tatu, unanipata? Ova." Namba tatu yuko mita 20 nyuma yetu, namwona kwenye kioo anamenya yai. "Nakupata. Kuna mbuzi kushoto, ova." "Mbuzi nimemwona, ova." Kutoka Chalinze mpaka Makambako tumetangaziana mbuzi. Kitu pekee cha maana kutangaza kilikuwa askari wa tochi, na hicho hakuna aliyekitangaza. Kibao kinasema 50, sisi tuko 68 tumefuatana kama msafara wa harusi. Magari matano, faini tano, 30,000 kila moja. Mhasibu wetu akaziandika chini ya "burudani na dharura".

Chimala tukalala. Asubuhi nikadhani tunapanda, kumbe kwanza lazima kupunguza upepo kwenye matairi. Sababu yake naikubali. Tairi ikilegea kidogo inatandaza nyayo, inashika tope na mawe vizuri kuliko ikiwa imekaza kama mpira wa kikapu. Nisichokikubali ni saa nzima ya watu watano kupiga magoti, kila mmoja na kipimo chake, na kila kipimo na jibu lake. Mama wa vitumbua alisimama akatuangalia mpaka huruma ikamshinda. Akanivuta pembeni. "Baba, yote matano yamepata pancha?"

Nikamwambia hapana mama, tunatoa upepo wenyewe. Akaniongezea kitumbua kimoja, bila kunidai.

Basi tukaanza. Jamani, ile njia imechongwa kwenye ukuta wa mlima. Chimala iko chini kwenye mpunga, mita 1,000 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kitulo iko kwenye mita 2,600. Tofauti yote hiyo huizunguki, unaipanda kwa kona zinazorudi kama mtu anayekunja shuka. Unatazama kulia unaona bonde la Usangu, unageuka, Usangu imehamia kushoto. Kila ikihama, nyumba za Chimala zinapungua, mwishowe zikawa kama viberiti vilivyomwagika kwenye zulia la kijani.

Na gari la shemeji ni refu. Kona nyingine haikati kwa mkupuo mmoja. Lazima aingie, asimame, arudi nyuma kuelekea kule ambako hakuna kitu isipokuwa hewa, ndipo akate tena. Hapo ndipo cheo changu kilipoanza kazi. Nashuka na gogo la kuzuia tairi, zito kama mtoto wa miaka miwili aliyelala, nakimbia nyuma ya gari, napiga kelele, "Njoo, njoo, njoo, kata kulia, simama! Nimesema simama!" naweka gogo, napigwa moshi wa dizeli usoni, nachomoa gogo, narudi ndani. Kona inayofuata, gogo. Viatu vyangu vilikuwa na tope kiasi kwamba nilikuwa mrefu kuliko nilivyoondoka nyumbani. Nikajaribu kuhesabu kona nijue mateso yamebaki mangapi, lakini shemeji alikuwa na 31 na namba mbili alikuwa na 38, wakaanza kubishana redioni, ova, ova, wakanipoteza na mimi.

Katikati ya mabishano likatokea fuso la viazi, linashuka. Magunia ya lumbesa, yale yaliyoshonewa kilemba juu, na juu ya vilemba kijana kalala usingizi, mguu mmoja unaning'inia. Dereva amevaa kandambili, mkono mmoja kwenye usukani, wa pili umeshika muhindi. Sisi tukarudi nyuma magari yote matano mpaka penye upana. Mimi na gogo langu. Fuso likapita kwa nafasi ya kiganja, likasimama usawa wa dirisha letu.

"Kamwene! Poleni, mmeharibikiwa?"

"Hapana kaka," akasema shemeji, "tunatalii."

"Mnatalii nini?"

"Barabara."

Dereva akageuka akaitazama barabara. Akatazama winchi, mkonga, chepe, mimi, gogo. "Hii?" Akang'ata muhindi, akaingiza gia, akaenda zake. Wiki hiyo alikuwa amepita mara ngapi, sikutaka kumuuliza.

Juu huko ni baridi. Mtu wa Dar ukimwambia baridi anafikiria kiyoyozi cha benki. Nilivaa nguo zote nilizobeba, pamoja na taulo. Pakiti ya krispi niliyonunua Dar ilikuwa imevimba kama puto, maana hewa ya kule ni nyepesi na iliyofungiwa ndani ni nzito. Nilipoifungua ikalipuka, gari namba nne akatangaza redioni kwamba mtu amepasukiwa tairi. Maharage nayo yalikataa kuiva. Maji ya kule yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, kwa hiyo sufuria inatoa mapovu kwa mbwembwe zote na ndani hakuna kinachoendelea. Tukala saa nne usiku maharage yanayogonga meno. Mwenyeji mmoja akatucheka. Wao viazi viko tele, nani alituambia tubebe maharage?

Lakini maua, acheni niseme ukweli hata kama nanung'unika. Wazee wanaiita Bustani ya Mungu, na imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005. Ndiyo, tembo hutamwona wala simba hayupo. Ni majani tu na maua mpaka macho yanaposhindwa, ya njano, meupe, ya zambarau, na okidi za aina 45, ambazo viazi vyake vidogo vya chini ya udongo watu huvichimba vikauzwe Zambia vikapikwe chakula chao kinachoitwa chikanda. Nilisimama pale na taulo langu shingoni, nikawaza kwamba kama mama watoto angekuwepo, angenyamaza. Nikageuka niwaambie wenzangu. Wanaume watano wameipa Bustani ya Mungu mgongo, wameinama, wanapiga picha tope kwenye matairi.

Kushuka sitakusimulieni. Gia nzito, injini inashika gari, gogo. Hakuna aliyekwama. Shemeji alirudi Dar amenuna njia nzima. Zaidi ya kilomita 700 kwenda na nyingine kurudi, na winchi haijaguswa.

Tulifika Mbezi usiku, masika imeanza rasmi. Lami ikaisha. Dimbwi la kwanza tukapita. Jiwe tukapita. Mita 10 kutoka getini kwangu, kwenye lile dimbwi ambalo mimi kila asubuhi nalikwepa kwa kupanda ukuta wa jirani, Land Cruiser ikazama mpaka kwenye vidato vya kupandia. Matairi yote manne yanazunguka, gari limetulia kama kuku anayeatamia.

Uso wa shemeji ulivyong'aa! Hata kwenye harusi yake hakung'aa vile. "Shem, winchi!" Akashuka, tope magotini, akavuta waya kwa furaha, akaangaza kurunzi huku na huku kutafuta mti. Mti hakuna. Nguzo ya umeme nikamkataza.

"Ile je?" Akamulika nguzo ya geti langu. "Si mpya?"

Nilitaka kusema habari ya nondo. Kwa nini sikusema, sijui. Pengine ni heshima, pengine uchovu. Akafunga waya, akabonyeza, winchi ikalia mmm. Gari halikusogea hata inchi. Geti ndilo lililokuja, pamoja na nguzo yake na taa niliyoweka Krismasi, taratibu kabisa, mpaka likalala juu ya boneti.

Mke wangu alikuwa amesimama barazani na khanga yake. Akalitazama geti, akanitazama mimi na taulo langu, akamgeukia kaka yake.

"Karibu ndani, kaka. Leo hata hodi usipige."