Huku sedani mpya ni ya mstaafu wa posta, kwetu tunasubiri Mjapani aichoke Toyota IST yake

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Pune, India, mzee mmoja mstaafu wa posta, juzi kanishika mkono twende wote shorumu akachukue gari yake. Mi nikajua tunaenda kusaini makaratasi tunasepa, kumbe ni shughuli kamili bwana. Gari imefunikwa shuka la kung'aa, bibi kaletewa kiti, wajukuu wamevalishwa nguo za sikukuu, shuka likavutwa watu wakapiga makofi, bibi akapaka unga mwekundu kwenye boneti, wakaweka ndimu chini ya kila tairi, mzee akawasha akaisogeza mbele kidogo ndimu zikapasuka pa pa pa, nuksi imetoka hiyo. Gari yenyewe sasa? Maruti Suzuki Dzire. Sedani ndogo ya lita 1.2, pistoni tatu. Nimesimama pale na simu nawapiga picha huku najiuliza, Bongo nani kashawahi kupigiwa makofi kwa gari ya pistoni tatu?

Ila ndimu sio zilizonifanya niandike. Ni njiani tunarudi, mjukuu kashika simu kaweka spika, ndugu wanapiga kupongeza, na swali la kwanza kwa kila anayepiga ni lile lile, inaenda kilomita ngapi kwa lita. Hakuna aliyeuliza rimu, hakuna aliyeuliza muziki. Na mzee anajibu mpaka desimali, 24.79 ya gia za mkono, 25.71 ya otomatiki. Hizo ni namba za kwenye vipimo rasmi, kwenye foleni ya Pune hazifiki na yeye anajua kabisa hazifiki, lakini anazo kichwani kama tarehe ya ndoa yake.

Sisi je? Mtu akitoa gari bandarini swali la kwanza ni namba ya usajili. Namba D hiyo au E? Gari imeundwa 2005, imezunguka Japani mpaka wenyewe wakaichoka, imepanda meli, lakini ikishapigwa namba E basi hongera kaka kwa ndinga mpya, na sherehe tunakunywa kabisa. Ukija na Passo unaambiwa umenunua beibi woka, mwanaume mzima magoti yanagusa kidevu. Kwa hiyo jamaa anakopa, anachukua Crown ya cc 2500, halafu akifika sheli anashusha kioo kidogo anasema kwa sauti ya chini, weka ya elfu kumi. Elfu kumi! Kwenye Crown! Halafu Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wakitoa bei kikomo yeye ndo wa kwanza kutoa povu.

Najua, najua. Tayari kuna mtu anaandika "ameanza, kafika India tu anatuona washamba". Tena kuna yule wa "angekuwa Ujerumani angalau". Sikilizeni, mimi huku sina hata gari, natumia skuta ya kukodi na mvua za Julai zinaninyeshea kama kawaida, kwa hiyo sijimwambafai na chochote. Na kama mnadhani Wahindi hawana sifa za magari mnawajua vibaya. Iulizeni kampuni ya Tata na Nano yake. Ile gari ilioneshwa kwa dunia Januari 2008 kwa bei ya laki moja ya rupia, na bosi wao Ratan Tata mwenyewe alisema wazo lilimjia alipoona familia nzima imepanda skuta moja kwenye mvua. Wazo zuri kabisa. Ikafa. Kulikuwa na sababu nyingine, kiwanda kilihamishwa Bengal kwenda Gujarat kwa ugomvi wa ardhi, kuna zilizoshika moto, lakini kubwa lililoiua ni kutangazwa kama gari rahisi kuliko zote duniani. Nani anataka kupaki mlangoni kitu ambacho mtaa mzima unajua ndicho cha bei ya mwisho chini? Ilipofika 2018 ikasimama kutengenezwa. Kwa hiyo Mhindi ana aibu zake kama sisi tu. Tofauti ni kwamba Dzire ina buti, na buti huku ni heshima, gari yenye mkia ni gari ya familia iliyofika mahali, hata kama mkia wenyewe umekatwa.

Na huo mkia uliokatwa ndo nilitaka tufike hapo.

Mwaka 2006 serikali yao kwenye bajeti ilisema hivi, gari fupi kuliko mita 4 yenye injini ndogo (petroli isizidi cc 1200, dizeli isizidi 1500) inalipa ushuru mdogo. Basi, hawakumhubiria mtu abane matumizi wala kumwambia awe mzalendo, wameweka futi kamba. Dzire ya kwanza ya 2008 ilikuwa na urefu wa milimita 4160, yaani imezidi kwa sentimita 16. Mwaka 2012 wakaleta toleo la pili, wamelikata tako likawa 3995. Milimita tano ndani ya mstari! Ukiiangalia ile ya 2012 kwa ubavuni unacheka, buti kama limefungwa haraka haraka, lakini watu wakanunua mpaka basi, na wengine wakafuata, Hyundai, Honda, Tata wao walishatangulia, kila mtu ana sedani yake ya chini ya mita 4. Hii ya jirani yangu ni toleo la nne, ilizinduliwa Novemba 2024 kwa rupia 679,000 ile ya chini kabisa, kwa chenji ya siku zile ni milioni 20 na kidogo za kwetu, kabla ya usajili na bima. Halafu Septemba 2025 wakashusha tena kodi ya gari ndogo kutoka 28 na chenji zake mpaka asilimia 18, huku gari kubwa zikapelekwa 40. Umeona hilo pengo? 18 kwa 40. Kiwanda lazima kikae chini kifikirie.

Sasa rudi kwetu. Na sisi tuna mstari, wengi hamjui, fungueni kikokotoo cha kodi za magari cha TRA, mamlaka ya mapato. Gari isiyozidi cc 1000 ushuru wa bidhaa sifuri, ikizidi hapo mpaka 2000 ni asilimia 5, juu ya 2000 ni 10. Mtu aliyeandika ile sheria alikuwa na wazo lile lile la Mhindi, nampa saluti. Ila asilimia 5! Nani ataacha gari ya cc 1500 kwa ajili ya asilimia 5 wakati juu yake kuna ushuru wa forodha 25, VAT 18 na vitozo vingine vimejipanga nyuma? Halafu tukaweka ushuru wa uchakavu, gari ya miaka 8 mpaka 10 inaongezwa 15, ikizidi 10 inaongezwa 30, lengo tusilete mikweche. Na mikweche ikaendelea kushuka bandarini, kwa sababu hata 25 na 30 kwa pamoja za kitu cha bei ndogo bado ni ndogo kuliko 25 ya kitu kipya. IST ya kwanza iliacha kutengenezwa 2007. Maana yake ile iliyo changa kuliko zote leo ingekuwa binadamu ingekuwa inapiga kura, na tunailipia uchakavu tukiwa na tabasamu.

Shemeji yangu mmoja alinunua ya hivyo kwenye yadi moja hapo Dar, dashibodi inasoma kilomita elfu 68, ndani inanukia dawa ya kuoshea mazulia. Siku fundi kafungua akamuonesha kanyagio la breki limeliwa mpaka chuma. Kilomita elfu 68 gani hizo? Yadi wakasema gari ikishatoka getini imetoka. Na taa ya eabegi ilikuwa haiwaki kabisa, akafurahi mzima kumbe balbu imetolewa. Ndo maana mzee wangu wa huku aliponionesha kwamba gari yake ina eabegi sita, tena hata ile ya bei ya chini kabisa inazo, na Global NCAP, wale wanaogongesha magari kupima usalama, wameipa nyota tano kwa abiria wakubwa, nilinyamaza. Na msidhani walizaliwa hivyo. Mwaka 2014 hao hao NCAP walichukua gari tano ndogo zinazouzwa huku wakazigongesha, zote tano zikapata sifuri. Waliaibika, watu wakaanza kuuliza nyota kama wanavyouliza kilomita, na viwanda vikasogea. Miaka kumi tu.

"Barabara zetu zitaimeza hiyo sedani yako." Haya, twende. Umeshapita mitaa ya Pune baada ya mvua wewe? Kuna shimo hapa kona ya kwetu limepandwa mti ili watu walione. Dzire ina milimita 163 chini ya tumbo, ukiishi ndani ndani huko Goba au Kivule nakubali utagusa, na ni kweli IST inavumilia, sijawahi kuitukana IST na sitaanza leo. Ile gari imesomesha watoto Tanzania hii. Imefanya teksi, imebeba mchanga, imebeba misiba, na fundi wa chini ya mwembe anaifufua na waya na sabuni. Mafundi wetu ni wakali, hilo nawaambia na Wahindi wenyewe, huku mtu akiona taa ya injini anampigia kampuni, hajui hata plagi zilipo.

"Wao wako bilioni 1.4 sisi milioni 60 na kitu, kiwanda gani kitakata tako la gari kwa ajili yetu?" Hii ndo hoja pekee ya maana nimeisikia na siwezi kuipindua. Peke yetu hakuna atakayegeuka. Ila kumbukeni ushuru wa forodha ule wa 25 haupangwi na Tanzania peke yake, ni meza ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na meza ile sasa hivi ina Kongo, ina watu zaidi ya milioni 300. Na gari tayari ipo, usukani kulia kama wetu, Toyota wenyewe wanachukua Suzuki za kutoka India wanazibandika nembo yao wanazileta Afrika, ile Starlet mpya mnayoiona ni Baleno ya huku. Hakuna kitu cha kuvumbua. Kuna mstari wa kusogeza tu.

Na gesi jamani. Gesi ya Songosongo ni yetu, iko chini ya kisiwa chetu na bahari yetu. Huku Dzire inatoka kiwandani na mtungi wake na waranti yake, kilomita 33 na ushee kwa kilo moja ya gesi, Tata nao kwenye Tigor wamegawa mtungi ukawa miwili wakailaza chini ya sakafu ya buti ili begi zipate pa kukaa. Dar unanunua mkweche, unalipa tena kufunga mfumo, buti lote linaliwa na mtungi, halafu unaamka saa tisa usiku ukapange foleni ya kujaza. Bajaji mbele yako, bajaji nyuma yako. Waliofunga wananiambia bado inalipa, na nawaamini, ndo kinachoniuma sasa, mtu anateseka hivyo na bado inamlipa, ingekuwaje kama ingekuja imefungwa tayari?

Sio kwamba huku wameridhika. Mwaka 2025 wamegombana kutwa kuhusu petroli iliyochanganywa etanoli asilimia 20, kila mtu analalamika kilomita zimepungua, mzee wa ghorofa ya chini naye yumo, kashaanza kuandika kwenye kidaftari kila anapojaza. Mwaka huo lita hapa ilikuwa juu ya rupia 100, ukibadilisha inakaribia elfu tatu, haikupishana sana na ya Dar. Maumivu ni yale yale. Wao wameyapeleka kwenye gari, sisi tumeyapeleka kwenye status za WhatsApp.

Bajeti inasomwa Juni, Dodoma, na wanaoipigia makofi watatoka nje wapande mashangingi ambayo wese lake halitoki mifukoni mwao, kwa hiyo ule mstari wa cc 1000 sioni nani atausogeza kwa haraka.

Na wewe unayejiandaa kuniuliza nikirudi nitanunua nini, nitanunua IST, unadhani nina njia gani? Dzire ya milioni 20 ikifika Dar na kodi zake haiwi tena ya milioni 20, na fundi wa mtaani kwetu IST anaijua kwa mlio tu akiwa amelala. Ila nitatafuta ile ya cc 1300, ya 1500 wachukue wenye hela zao za wese.